Kisu Kizito cha Kukunja

Mtu aliyezoea kijisu chepesi cha mfukoni, siku ya kwanza achukuapo kisu kikubwa cha kukunja hushangazwa na uzito wake. Mfano mmoja ni kile kiitwacho Buck 110, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1964. Uzito wake ni kama gramu 200, na ubapa wake una urefu wa kadiri ya sentimeta 9 na nusu. Ncha zote mbili za mpini ni za shaba. Kikitiwa mfukoni huivuta suruali. Kwa hiyo yafaa kichukuliwe katika ala ya ngozi, mshipini.

Lakini uzito huo una faida yake. Kisu kisicho na kizuizi, kikisukumwa vibaya, huweza kujikunja ghafula na kumkata mwenyewe vidole. Hiki kikifunguliwa, kipande cha chuma kilicho mgongoni mwa mpini huingia katika pengo la ubapa na kuushika imara, mpaka kibonyezwe.

Hata hivyo, mwenye kisu na akumbuke mambo matatu. Kwanza, pengo lile lisafishwe, maana likijaa udongo chuma hakiingii barabara. Pili, wakati wa kukunja, vidole viwe mbali na njia ya makali. Tatu, kisitumiwe kung'olea misumari wala kupasulia kuni, kwa kuwa udhaifu wa kisu cha namna hii upo penye kiungo. Hata kiwe kizito namna gani, kisu cha kukunja si panga. Kazi ya panga iachiwe panga.