Simu zinatazama, watu wamelala

KIBARAZANI
Na Mzee wa Baraza

Ijumaa moja ya Juni 2024, saa tisa usiku, sebuleni kwangu simu zilikuwa zinaimba na hapakuwa na msikilizaji. Yangu ilikuwemo, imechukuliwa bila ruhusa na kuegemezwa kwenye chupa ya chai. Mpwa wangu, aliyenikasirikia mwaka mzima kwa sababu nilidhani BTS, kundi la muziki la Korea, ni basi la mkoani, alikuwa kwenye kochi anakoroma.

Kilichochezwa ni “Rockstar”, singo ya Lisa wa kundi la Korea la BLACKPINK, iliyokuwa imetoka usiku huohuo.

Msiniambie huo ni ushabiki. Ule ni ulinzi wa usiku usiolipwa, tena kwa bando langu.

Kumbe kazi hiyo ya kuongeza hesabu ya watazamaji YouTube ina masharti, na yanatumwa kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki kama ratiba ya mitihani. Usiirudierudie vidio moja kwa moja, mtandao utashtuka. Usizime sauti. Katikati ya Lisa na Lisa weka kitu kingine, ionekane ni mtu wa kawaida anayezurura. Mpwa wangu alichagua vidio ya mwanamke anayesukuma chapati. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akatazama chapati hadi mwisho. Ndiye mtazamaji pekee wa kweli aliyepatikana usiku ule.

Usingizi ukishakatika haurudi, basi nikaketi nikaitazama “Rockstar”. Ni kazi ya maana. Imepigwa Yaowarat, mtaa wa Wachina jijini Bangkok, usiku, na barabara ile ambayo kawaida hufurika magari na wauza vyakula imeachwa wazi, Lisa yuko katikati na wachezaji wake. Huyu ni msichana wa Buriram, Thailand, aliyekwenda Seoul akiwa mdogo kufunzwa unyota. Sasa ana kampuni yake mwenyewe, LLOUD, na wimbo wa kwanza alioutoa chini yake aliupeleka kwao. Mtu akijua hilo, vidio inamwingia vingine.

Asubuhi nikamhoji mpwa wangu. Imepigwa wapi?

“Korea, Mjomba.”

Amevaaje? Kimya. Imetazamwa mara ngapi? Hapo akanitajia mpaka tarakimu ya mwisho, kisha uso ukamshuka. Kisa, vidio ya “LALISA”, wimbo wa Lisa wa Septemba 2021, ilitazamwa mara milioni 73.6 katika saa 24 na kuingia kwenye kitabu cha Guinness, na hii mpya isingefika huko. Alinuna mpaka mama mwenye nyumba akauliza nani kafa.

Waliotuletea balaa hili ni makampuni ya Seoul. Wao ndio waliozoea kutoa taarifa ya namba kabla jua halijazama mara ya pili, na mashabiki wakadhani hiyo ndiyo sanaa yenyewe. YouTube ilikwisha kuona mchezo unavyoharibika, ndiyo maana mwaka 2019 iliacha kuhesabu watazamaji waliopatikana kwa matangazo ya kulipia kwenye rekodi za saa 24. Matangazo yakatoka, wakaingia wapwa zetu, na wao hawadai hata senti. Wasanii wetu wa Bongo Fleva nao wanasoma somo hilohilo. Wimbo haujafika hata kwa makonda wa daladala, tayari wameshapiga picha ya skrini ya nafasi ya kwanza.

Mwanamuziki wa Korea PSY alipotoa “Gangnam Style” Julai 2012, hakuna aliyepangiwa zamu ya usiku kwangu. Watu walicheka, wakaonyeshana, wakaruka kama farasi kwenye kumbi za harusi. Desemba mwaka huohuo ikawa vidio ya kwanza ya YouTube kutazamwa mara bilioni moja, na ninaapa wengi wa watazamaji hao walikuwa macho.

Mwanamuziki anayetoka peke yake, bila wenzake wa kundi wa kumfunika, anajianika. Kila pozi ni lake na kila kosa ni lake. Kumlipa kwa simu zisizo na mtu mbele yake ni dharau, hata ikiitwa mapenzi. Vidio iliyochezwa mara mia huku watu wamelala haijatazamwa hata mara moja. Anayempenda Lisa amtazame.