Mguu Usiokuwapo na Miwani ya Ajabu

Ndugu msomaji, juma hili ukurasa wetu hauzungumzii upishi wala malezi. Unazungumzia maumivu yanayowasumbua baadhi ya askari baada ya vita kwisha, na chombo kipya ambacho wengi hukidhania kuwa mchezo wa vijana tu.

Hivi karibuni nilikuwa Kirewa, Wilaya ya Tororo, nikamtembelea mzee mmoja aliyepata kuwa askari. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti baada ya kukanyaga bomu lililotegwa ardhini. Tuliketi chini ya mwembe, mkewe akipepeta mtama kando yetu. Nilipomwuliza hali yake alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mguu nilio nao hauniumi. Unaoniuma ni ule uliozikwa. Usiku vidole vyake hujikunja, nami sina njia ya kuvikunjua."

Mkewe akaongeza kwamba majirani wamesema ni pepo, na kwamba katika zahanati moja mzee aliambiwa aache kujidekeza. Tangu siku ile hakumweleza mtu tena. Alikuwa akiamka usiku wa manane na kuketi peke yake gizani, asije akaitwa mwongo.

Mzee huyo si mwongo, wala hana pepo. Maumivu hayo yanajulikana tangu zamani. Mwaka 1871 daktari wa Marekani aitwaye Silas Weir Mitchell aliyaandikia na kuyapa jina, baada ya kuwatibu askari waliokatwa viungo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Maelezo mojawapo ni haya: ubongo una ramani ya mwili mzima, na ramani hiyo haifutiki siku ambayo kiungo kinakatwa. Ubongo huendelea kutoa amri kwa mguu, mfano wa kamanda anayekiita kikosi chake kwa redio asipate jibu. Kimya hicho huweza kugeuka maumivu.

Katika miaka ya 1990, daktari V. S. Ramachandran huko California alijaribu dawa nyepesi mno, nayo ni kioo cha kujitazamia. Mgonjwa hukisimamisha kioo kati ya viungo vyake, uso wa kioo ukielekea upande mzima. Akikitazama, huona taswira ya mkono au mguu mzima mahali pa kile kilichokatwa. Akiuchezesha ulio mzima, macho huuambia ubongo kwamba ule uliopotea nao umetii. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya jaribio dogo lililofanywa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Marekani, kwa watu waliokatwa mguu. Walitumia dakika 15 kila siku kwa majuma manne, na wale waliotazama kioo walipata nafuu kuliko wenzao ambao kioo chao kilifunikwa.

Nimeanza na kioo kwa sababu kinafanana mno na kile chombo kipya nilichokitaja. Chombo hicho ni miwani mikubwa inayoziba macho yote mawili, na yale yanayoonekana ndani yake huitwa uhalisia pepe. Kila jicho huoneshwa picha yake, zikitofautiana kidogo, hata ubongo ukadhani kwamba kuna umbali na kina. Ukigeuza kichwa, picha nayo hugeuka. Mtaalamu Ivan Sutherland alitengeneza miwani ya namna hiyo mwaka 1968, na mtambo wake ulining'inizwa darini. Leo miwani huvaliwa kichwani kama kofia.

Basi faida yake kwa binadamu ni nini? Kwanza, huendeleza kazi ya kioo. Aliyepoteza miguu yote miwili hana mguu wa kukioneshea kioo, lakini mitambo ya picha huweza kumchorea kiungo kinachotii misuli iliyobaki. Mwaka 2016 Max Ortiz Catalan na wenzake wa Sweden walieleza jinsi watu 14 waliokatwa mkono, ambao tiba nyingine zilikuwa zimewashinda, walivyouona mkono wao katika picha wakauongoza kwa misuli ya kigutu. Maumivu yao yalipungua karibu nusu. Sisemi kwamba ni dawa ya kila mtu, lakini ni mlango uliofunguka.

Pili, humsaidia aliyeungua. Kila mama aliyepata kumshika mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto anajua kwamba kusafisha kidonda huuma kama kuungua upya. Huko Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson walibuni nchi ya theluji ndani ya miwani. Wakati kidonda kinasafishwa, mgonjwa hutembea kati ya milima ya barafu akirusha matonge ya theluji. Akili haiwezi kushughulikia mambo mengi kwa wakati mmoja, na ikishikwa na theluji, maumivu hubakiwa na nafasi ndogo.

Tatu, yako majeraha ya moyoni. Tangu mwaka 1997 wataalamu wa Atlanta, Marekani, waliwaonesha askari waliopigana Vietnam picha za helikopta na misitu ya vita ile, kidogo kidogo, daktari akiwa kando yao, mpaka hofu ikapungua makali. Natilia mkazo maneno hayo: daktari akiwa kando. Mtu aliyerudi kutoka vitani asijitazamie picha za vita peke yake chumbani.

Nne, hutunza kumbukumbu. Mwaka 2009 shirika la CyArk lilipima kwa miali ya leza makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea kwa moto. Vipimo vilisalia, na kutokana navyo mtu huweza kuiona nyumba ile jinsi ilivyokuwa. Lakini angalia, picha haikuezeka paa. Walioezeka ni watu wa ukoo wa Ngeye, wenye dhamana hiyo kwa jadi, na mnamo Septemba 2023 UNESCO ililiondoa eneo hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Hapo ndipo penye kipimo cha chombo hiki. Kinatuonesha kisichokuwapo, nacho kina faida pale tu kinapomsaidia aliyepo. Mtu akiivua miwani na kukuta maumivu yamepungua au hofu imelegea, amefaidika. Akiivua na kukuta shamba limeota magugu na watoto wamelala bila kusalimiwa, amepata hasara. Tena miwani hiyo huwapa wengine kizunguzungu, kwa hiyo huvaliwa kwa kuketi na kwa muda mfupi. Nayo ni ghali, na nyumba nyingi za vijijini hazina umeme wa kutosha.

Kule Kirewa hatukuwa na miwani. Mkewe mzee alikwenda ndani akakitoa kioo kirefu cha mlango wa kabati, tukakifunga kitambaa kingoni kisije kikamkata. Mzee aliketi mkekani, miguu ameinyoosha, kioo kati yake. Akauchezesha mguu wa kulia taratibu, macho kiooni, akijaribu kuuchezesha na ule mwingine. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kidole gumba kimekunjuka."

Sidai kwamba amepona. Usiku ule maumivu yalirudi, mkewe aliniambia asubuhi. Lakini safari hii mzee alimwamsha akamweleza, wakaketi pamoja.

Ewe askari, na wewe mke wa askari, mficha maradhi kilio humfichua. Kama nyumbani mwako yuko anayeumwa na kiungo kisichokuwapo, mwamini kwanza. Kisha mpelekeni kwa daktari, mkamwulize habari za kioo, na dakika 15 za kila siku. Akiona kizunguzungu au uchungu ukimzidi, aache na kumrudia daktari.

Tuonane juma lijalo.