Siku Mbili Mombasa

Familia nyingi za bara ziendapo Mombasa kwa mara ya kwanza hutanguliza ufuko. Muda ukiwa siku mbili tu, mengine hayafikiwi, na watoto hurudi na makombe ya pwani wasijue wamekanyaga mji gani.

Ibn Battuta alilala kisiwani humo usiku mmoja tu, mwaka 1331. Hata hivyo alisimulia misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, visima milangoni mwake, na watu waliosafisha miguu kabla ya kuingia. Aliyaona kwa sababu alielekea msikitini.

Nasi tuupange hivyo. Treni ya Nairobi humshusha abiria Miritini, nje ya kisiwa, basi jioni ya kuwasili msiihesabu. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, ingieni Mji wa Kale kwa miguu. Waonyesheni watoto Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa mwaka 1570, ndipo muwapeleke ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wakilinganisha tarehe hizo watauliza maswali wenyewe. Bahari ingojee alasiri ya pili, haiendi popote.

Msafiri wa siku mbili ana ruhusa ya kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, lakini anayemfuata imamu mkazi hukamilisha. Watoto waelezwe hilo nyumbani, wasije wakatoa salamu katikati ya jamaa.