Kilugha Si Jina

Pale Kibaoni, Ifakara, kijana akiwasikia wazee wakizungumza Kindamba au Kipogoro husema, "Wanaongea kilugha." Sisi wa vyuoni, kwa adabu, twaandika "lugha za jamii". Nashikilia kwamba sote twakosea, na kosa letu ni moja.

Yuko atakayenijibu kwamba kiambishi ki- cha kilugha ni kile kile cha Kiswahili na Kiingereza, wala hakidharau. Sikubali. Katika Kindamba kimeshika jina la watu, nacho chaonyesha usemi wao. Katika kilugha kimeshika neno lugha lenyewe, basi chalipunguza, kama tusemavyo kijumba kwa nyumba. Na nani aitaye Kiingereza kilugha?

"Lugha za jamii" nayo haiponi. Je, Waswahili si jamii? Neno lina heshima, lakini halimtaji mtu. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009, ilizitaja lugha moja moja kwa jina. Tumeshindwaje sisi madarasani?

Kisichotajwa hakitungiwi kamusi. Basi tuseme Kindamba, Kimbunga, Kipogoro. Majina tunayo, kutoyatumia ndiyo dharau yenyewe.