Mtoto wa ndege hajaharibika, mama

1/6
Nimetoka zamu, miguu inawaka moto, lakini hili siwezi kulala nalo.

Kila wiki naambiwa: "Sista, huyu mwanangu kaharibika, anashinda kwenye mchezo wa kurusha ndege za vita. Analinganisha injini tu, darasani hasomi." Halafu simu inafichwa, mtoto anachapwa, kesi imeisha. Leo nabishana na nyie, tena waziwazi. Mtoto anayelinganisha injini ANASOMA. Mkimchapa kwa hilo mnamfundisha kwamba kuuliza "kwa nini" ni kosa.

2/6
Hebu tuangalie analinganisha nini. Kuna kijana wa miaka 13 mtaani kwetu, daftari lake lilichanwa eti kajaza ujinga. Nililiona kabla. Aliandika MiG-21 za aina mbili, MF na bis. Hizo MF si hadithi za mbali, jeshi la Idi Amin lilikuwa nazo kabla ya vita vya Kagera.

Kwa nje ni kama mapacha. Injini ndiyo tofauti. MF ina injini ya R-13: ikiwasha moto wa ziada mkiani, inasukuma kama tani 6.5. Bis ina R-25, inasukuma kama tani 7.1. Lakini R-25 ina nguvu ya dharura inayofika karibu tani 9.9. Kwa dakika mbili tatu tu, na chini ya mita 4,000 tu.

Mtoto akajiuliza: kwa nini mwisho mita 4,000? Jamani, hilo ni swali la ujinga?

3/6
Mjini hapa tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Kilele cha Meru kinapita mita 4,500. Watu husema kule juu "oksijeni imeisha". Sio kweli. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, hapa sokoni na kule kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo, hewa inakuwa nyepesi, kila pumzi inabeba kidogo. Ndiyo maana mpanda Meru anahema akifunga kamba za viatu tu.

Injini nayo inakula hewa. Kadiri unavyopanda, nguvu inapungua. Na hewa ya moto nayo ni nyepesi, ndiyo maana mchana wa jua kali pale uwanja wa Kisongo ndege ndogo inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa.

Kwa hiyo ukiuliza "ipi bora, MF au bis?" bila kutaja uko mita ngapi na umebeba mzigo gani, hujauliza kitu. Chini, bis na nguvu yake ya dharura inamwacha mwenzake mbali. Ukipita urefu wa Meru, nguvu hiyo hairuhusiwi tena, na bis ni nzito zaidi. Pengo linapungua. Kijana wa miaka 13 aligundua hayo mwenyewe.

4/6
Aligunduaje? Mafuta sawa, mwinuko wa kuanzia sawa, mzigo sawa, akarudia mara tatu na kuandika kila mara.

Mama, hiyo ndiyo kazi yetu kliniki! Hatumpimi mtoto leo na koti na viatu, mwezi ujao bila nguo, halafu tukasema amekonda. Mizani sawa, nguo sawa, ndipo mstari kwenye kadi unasema kweli. Mtoto anayelijua hilo akiwa na miaka 13 kesho hadanganywi na muuza dawa anayesema "fulani alikunywa akapona".

5/6
Mtasema, "Lakini ni za vita, atakuwa katili." Basi mwambie ukweli kwamba ndege ile iliundwa kuua. Mpeleke kwa babu aliyeiona Kagera, asikie. Ukimnyamazisha, vita inabaki mchezo tu.

Mtasema, "Namba za mchezo si za kweli." Sahihi, zimewekwa na watu na wanaweza kukosea. Mwambie atafute kwingine alinganishe. Hapo umempa somo la pili bure.

Na binti yako je? Mbona kaka anarusha ndege, yeye anaosha vyombo? Wapeane zamu, vyombo na ndege, wote wawili.

6/6
Sasa msinibebe vibaya. Mimi ni nesi, mipaka naitaka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya mwaka mmoja mtoto asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Huyu wa miaka 13 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kwa hiyo simu isilale chumbani kwake, na kazi za shule kwanza. Hapo kuwa mkali, nitakuunga mkono.

Lakini punguza SAA, usiue SWALI. Watoto wetu tunawapigia kelele wafaulu fizikia, na fizikia ikija yenyewe nyumbani tunaifukuza kwa fimbo.

Usiku huu kaa naye dakika kumi. Muulize: "Ipi inapanda haraka, na kwa nini?" Usipoelewa jibu, mwambie akueleze tena. Kisha njoo hapa chini utuambie alisemaje. Baba nao waitwe wasome.