Shaha Hateuliwi kwa Gazeti la Serikali

Malenga wenzangu, nimewasikia wengi mkitamani Tanzania iwe na malenga wake rasmi, mwenye cheo na posho, kama Waingereza walivyofanya tangu mwaka 1668 walipomteua John Dryden. Mimi ni mtu wa Ujiji, na jambo hilo nalipinga.

Ujiji ndiko alikozaliwa Sheikh Amri Abedi, mwaka 1924. Mwaka 1954 alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichofanya vina na mizani kuwa elimu ya kusomwa na yeyote, hata asiyepata kukaa miguuni pa mtunzi. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mwana mwingine wa Ujiji, Saadani Abdu Kandoro, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Naye kalamu yake aliitia katika kudai uhuru. Sasa niambieni: kama cheo hiki kingalikuwapo wakati ule, nani angaliteua? Gavana. Je, angalimteua Kandoro?

Mtanijibu kwamba Gavana alikuwa mgeni, na serikali ya leo ni yetu. Jibu hilo lina uzito, silikatai. Baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwaita washairi mwaka 1968 waieneze siasa ya Ujamaa, wakaitika. Mathias Mnyampala na ngonjera zake alikuwa mbele. Lakini zisomeni leo tungo za kipindi kile. Walioitika kwa imani wametuachia mashairi. Waliofuata mkumbo wametuachia hotuba zenye vina, na hizo ndizo nyingi. Wala hapakuwa na posho! Wordsworth mwenyewe alikubali cheo cha Uingereza mwaka 1843 baada ya kuhakikishiwa kwamba hatadaiwa utungo wowote, na kweli hakutunga hata mmoja wa kiserikali. Kazi ambayo bingwa huikubali kwa sharti la kutoifanya ni kazi gani?

(Shaaban Robert alipewa nishani ya MBE na Waingereza. Nani huikumbuka asomapo Kusadikika?)

Sisi tunalo neno letu: shaha. Shaha hutambuliwa na watunzi wenzake, kwa kushindana na kujibizana hadharani, na akilegea hupatikana wa kumjibu. Mteule wa serikali nani atamjibu bila kuonekana anaijibu serikali?

Heshima ya dola tumekwisha kuiona. Amri Abedi alikuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki mwaka 1964. Arusha wana uwanja wa michezo wenye jina lake, na si vibaya. Ila washangiliaji wangapi hujua kwamba alitunga hata ubeti mmoja? Nami niliitafuta diwani yake madukani, kutoka Mwanga hadi Ujiji, nisiipate. Nakala niliyonayo ni ya fotokopi, na kurasa za katikati zimefifia hata mizani huhesabiwa kwa kukisia.

Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu angalau hupima mswada, si mtu. Kwa hiyo posho ya huyo malenga mnayemtaka na ipelekwe kwa mpiga chapa. Ichapwe diwani ya Amri, yachapwe Mashairi ya Saadani, na nakala za kwanza ziletwe shule za Kigoma kabla ya kufika kwingineko.