Bunia: Choo kizuri ukutani, tiyo kombo ndani

Mji wa Bunia unazidi kujengwa, na wako wenye nyumba wanaotaka choo cha kuning'inia ukutani: bakuli haligusi chini, tangi la maji limefichwa nyuma ya makaro. Kinapendeza machoni. Lakini choo si bakuli tu. Choo ni tiyo, na tiyo ndiyo inayofunikwa kabla mtu yeyote hajaijaribu. Tabia hiyo iachwe.

Fundi anayejua kazi anaanza na kile ambacho mgeni hataona. Anafunga fremu ya chuma kwa buloni mahali pagumu, kwa sababu ndiyo itabeba uzito wa mtu. Kisha anapima. Mdomo wa tiyo ya uchafu unapaswa kuwa katikati kabisa ya buloni mbili zinazoshika bakuli, kwenye kimo kinachoonyeshwa na karatasi ya kifaa. Kimo hicho kinahesabiwa toka juu ya makaro yaliyokwisha kupangwa, si toka kwenye beto tupu.

Bakuli lina shingo fupi inayoingia ndani ya mpira wa tiyo. Mdomo ukipotoka hata sentimita moja, mpira haukai sawa. Fundi mwenye haraka anakaza buloni kwa nguvu, na kwa nje kila kitu kinaonekana kizuri. Kwa ndani mpira umekunjika. Uchafu unavuja kidogo kidogo, ukuta unalowa, na harufu inakuja wakati fundi amekwisha kulipwa na kuondoka.

Mteremko nao una kipimo. Tiyo ya milimita 100 au 110 inashuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ikilala bapa, kinyesi kinabaki njiani. Pale inapogeuka, kona mbili za nyuzi 45 zinapitisha uchafu vizuri kuliko kona moja kali ya nyuzi 90. Wanaosema «maji yatasukuma» wajue kwamba hakuna maji ya tangi yatakayopandisha uchafu mlimani.

Mtu anaweza kuuliza: habari hii ya makaro inamhusu nini mama anayelala chini ya shiti huko Kigonze au kwenye kambi ya ISP? Inamhusu sana. Bunia haina mtandao wa mifereji ya chini ya ardhi unaokusanya uchafu wa nyumba zote. Kila kiwanja kina shimo lake. Tiyo ikivuja au ikiziba, uchafu unafuata mteremko: mfereji wa barabara, uwanja wa jirani, kisima, chemchemi. Kolera na homa ya matumbo hupita njia hiyo. Na tangu vita vilipowaka tena Djugu mwishoni mwa 2017, si wakimbizi wote wa ndani walioingia kambini. Wengine wamepokelewa na ndugu, wengine wamepanga vyumba vya nyuma. Anayekaa bondeni ndiye anayepokea uchafu wa anayekaa juu.

Kambini nako kosa ni lilelile. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya misaada, zinataka choo 1 kwa watu 20, na mwanzoni kabisa mwa dharura choo 1 kwa watu 50. Lakini mlango wa choo kilichoziba nao unaweza kuhesabiwa. Kuhesabu milango bila kumwaga maji ni kujidanganya, na familia ndizo zinazolipa kwa kuharisha.

Kwa hiyo ukuta usifungwe kabla ya jaribio. Ndoo kadhaa za maji zimwagwe kwa nguvu, na karatasi kavu ipitishwe chini ya kila kiungo. Ikilowa, kazi irudiwe. Mwenye nyumba awepo na aone kwa macho yake. Kambini, kamati ya wakimbizi ifanye hivyohivyo kabla ya kukubali kwamba kazi imekwisha.

Na wenye nyumba waache kumbebesha mpangaji kosa la ujenzi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kukaa kuwa miezi 3. Garanti hiyo haikuwekwa ili kunyoosha tiyo iliyopindishwa kabla mpangaji hajaingia.

Watasema jaribio linapoteza wakati na feza. Ndoo chache za maji na saa moja ya kungoja ni kitu gido mbele ya kuvunja makaro, kufumua ukuta na kununua vyote upya? Fundi mzuri hataogopa ndoo ya maji. Anayeiogopa asikabidhiwe ukuta.